Seva ya ndani ya ofisi: huko ndani kuna nani?

*“Mtaalamu, habari za kazi. Nina steshenari Ubungo, na chumba cha nyuma tunasanifu kadi, vitabu na tasnifu za wanafunzi. Tuna kompyuta tano, nne za Windows na moja ya Mac, pamoja na ruta moja ya Wi-Fi ambayo wateja nao huitumia wakisubiri kazi zao. Kwa miaka mingi tumehamisha faili kwa flashi, na kila wiki ni virusi. Mwezi uliopita kijana anayenisaidia mambo ya kompyuta aliandika amri moja tu ya Python kwenye kompyuta ya mapokezi, na sasa kila mfanyakazi anafungua 192.168.1.10:8000 kwenye kivinjari na kuchukua faili anayoitaka. Inakwenda kasi ajabu na haili bando. Lakini humo mna skani za vyeti, vitambulisho vya NIDA na picha za pasipoti za wateja. Kijana anasema hakuna hatari kwa sababu seva ni ya ndani na Wi-Fi ina nywila. Kama naogopa, atabadilisha ile namba 8000 aweke nyingine ngumu kukisia. Anataka pia kufungua ruta ili niweze kuziona faili nikiwa nyumbani Kimara. Je, yuko sahihi? Na kama hayuko sahihi, nifanye nini bila kununua mtambo wa mamilioni?”*

Ndugu muulizaji,

Niruhusu nianze kwa kumtetea kijana wako kabla sijamsahihisha. Neno seva limewatisha wafanyabiashara wengi hapa mjini, wakadhani ni kabati la chuma lenye taa za kumetameta ndani ya chumba cha baridi. Seva ni kazi tu ambayo kompyuta hupewa: kompyuta yoyote inayokaa ikisubiri kuombwa kitu na wenzake, kisha ikakitoa, ni seva kwa wakati huo. Seva ya kwanza ya wavuti duniani, ile ya Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, mwishoni mwa mwaka 1990, ilikuwa kompyuta ya mezani, nayo ilibandikwa karatasi ya kuandikwa kwa mkono inayowaonya watu wasiizime. Kompyuta yako ya mapokezi inaiweza kazi hiyo bila jasho.

Kasi unayoisifia nayo si ndoto. Kitabu chenye picha nyingi, tuseme cha gigabaiti 4, hupita kwenye waya wa ofisi wa megabiti 100 kwa sekunde katika dakika tano au sita. Ukikipandisha kwanza kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, utasubiri karibu saa nzima, halafu msanifu wako aliyeketi mita tatu kutoka kwako aanze kukishusha upya. Na bila shaka unakumbuka Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Ofisi zilizokuwa na kila kitu huko nje zilikaa zikitazama kioo, ilhali aliyekuwa na seva ya ndani aliendelea kuchapa. Kwa hiyo wazo la msingi ni zuri, na sitakushauri ulitupe.

Kasoro iko kwenye neno moja, nalo ni “ndani”. Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio hili. Chukua simu yako, kaa kwenye benchi la wateja, jiunge na Wi-Fi kwa nywila ileile mliyoibandika ukutani, kisha uandike kwenye kivinjari namba ambayo wafanyakazi wako huiandika. Ninatarajia utaona ukurasa mweupe wenye majina ya faili moja chini ya jingine kwa rangi ya buluu, na ukigusa jina lolote, faili itafunguka papo hapo bila kuulizwa wewe ni nani. Kila mwanafunzi aliyewahi kukaa kwenye benchi hilo mwezi huu alikuwa “ndani” kwa maana ileile.

Sababu yake ni hii. Amri aliyoiandika kijana wako kwa Python, lugha ya kuandikia programu, bila shaka ni hii:

`python -m http.server 8000`

Huiambia kompyuta ifanye mambo mawili: igawe kila kilichomo katika folda ambamo amri imeandikwa, pamoja na folda zote zilizo chini yake, na ifanye hivyo kwa yeyote anayeweza kuifikia kompyuta hiyo kupitia mtandao wowote iliounganishwa nao. Haina orodha ya watumiaji, haiombi nywila, wala haisimbi, yaani haigeuzi kuwa msimbo usiosomeka, chochote kinachopita. Waliotengeneza Python hawakuficha hilo. Maelezo yao rasmi yanaonya kwamba chombo hicho hakifai kwa matumizi ya kazi halisi, kwa kuwa ukaguzi wake wa usalama ni wa kimsingi tu. Kilikusudiwa kumsaidia mtengenezaji wa programu ajaribu ukurasa wake kwa dakika chache, kisha akizime.

Jambo la folda linahitaji neno la ziada, kwa sababu ndilo lililoniumbua mimi mwenyewe. Zamani kidogo, nikiendesha mafunzo kwenye ukumbi mmoja Posta, nilitaka kuwagawia washiriki kama ishirini nyaraka za somo. Nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika amri hiyohiyo, nikawatajia anwani, na nikageukia ubao kwa kujiamini kabisa. Baada ya dakika mbili nikasikia kicheko cha chinichini kutoka safu ya nyuma. Nilikuwa nimesahau kuingia kwenye folda ya somo, kwa hiyo nilikuwa nawagawia folda yangu yote ya nyumbani, pamoja na mkataba wa ajira na barua ya kuomba mkopo. Nimekuwa mpole kwa vijana wa kompyuta tangu siku hiyo.

Sasa tuitazame hoja ya nywila ya Wi-Fi, maana ndiyo inayodanganya wengi. Nywila hiyo humzuia asiyeijua asijiunge na mtandao. Ikishabandikwa ukutani, kazi yake ya kuchuja watu imekwisha. Lakini kuna la zaidi. Ruta nyingi za ofisi ndogo bado zinatumia mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi uitwao WPA2 wenye nywila moja ya pamoja, na katika mfumo huo mtu anayeijua nywila, akinasa mawasiliano ya simu au kompyuta yako pale inapojiunga, anaweza kuyafungua yanayofuata na kuyasoma. Mfumo uliofuata, WPA3, umeziba mwanya huo, ila ni lazima ruta na vifaa vyote viwe vinauelewa. Hata mkihamia kwenye waya peke yake, vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja vina tabia ya kuaminiana kupita kiasi: kifaa kimoja kinaweza kuwatangazia wenzake kwamba “ruta ni mimi”, nao wakaanza kupitishia barua zao kwake.

Kwa sababu hiyo, kuweka nywila juu ya seva bila kusimba mawasiliano ni nusu ya kazi. Njia ya kawaida ya nywila katika wavuti, ile inayoleta kisanduku kidogo cha jina na nywila, huandika vyote viwili kwa herufi nyingine kabla ya kuvituma, na mtu asiyejua hudhani vimefichwa. Mtumiaji asha mwenye nywila 1234, kwa mfano, husafiri kwenye waya kama `YXNoYToxMjM0`. Inaonekana kama fumbo, lakini ni mwandiko wa kawaida uitwao Base64, ambao kompyuta yoyote huurudisha kuwa asha:1234 kwa kufumba na kufumbua. Ni sawa na kuandika siri kwa herufi kubwa ukitumaini msomaji anajua ndogo tu. Kinachoficha kweli ni HTTPS, ile kufuli unayoiona kwenye tovuti ya benki, na habari njema ni kwamba inawezekana pia ndani ya ofisi yako.

Kuhusu kubadilisha namba 8000, nitasema kwa ufupi. Namba hiyo ni ya mlango, au poti kama mafundi wasemavyo, na kompyuta ina milango 65,535 tu. Programu ya bure ya kukagua mtandao hubisha hodi kwenye yote ikiwa imewekwa kwenye simu, na mara nyingi humaliza kabla mteja hajaitiwa kazi yake. Kubadilisha namba hakudhuru, lakini usikuhesabu kuwa ulinzi.

Hoja ya kufungua ruta ili uone faili ukiwa Kimara, hiyo ninaipinga moja kwa moja. Kwa sasa wanaoweza kuifikia seva yako ni waliokaa dukani. Ukifungua mlango kwenye ruta na kuuelekeza kwenye kompyuta ya mapokezi, unawaongeza watu wa dunia nzima. Mwaka 2013 watafiti walionyesha, kwa programu yao iitwayo ZMap, kwamba kompyuta moja yenye laini ya gigabiti moja inaweza kupita kwenye anwani zote za IPv4, yaani namba za kawaida za intaneti zinazofanana na ile ya seva yako, duniani kote chini ya dakika 45. Wanaofanya hivyo leo ni wengi na hawalali. Hawakutafuti wewe kwa jina, wanapita mlango kwa mlango na kurekodi uliojibu. Huenda pia jaribio hilo likagoma tu, kwa kuwa kampuni za simu aghalabu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Ukiingia kwenye ukurasa wa ruta na kukuta anwani yake ya nje inaanzia 100.64 hadi 100.127, ujue uko katika kundi hilo na mlango hautafunguka hata mkikesha.

Kama kweli unahitaji kuona faili ukiwa nyumbani, njia inayokubalika ni VPN ya ofisi, kwa mfano WireGuard, ambayo huifanya kompyuta yako ya Kimara iwe kana kwamba imechomekwa Ubungo, na kila kitu kinasimbwa njiani. Ila hapa Tanzania kuna jambo la kisheria: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilitoa tangazo lililowataka watu na kampuni wanaotumia VPN kwa kazi zao watoe taarifa za matumizi hayo, zikiwamo anwani za IP. Wasiliana nao kwanza. Na kwa maoni yangu binafsi, jiulize kama unaihitaji kweli. Wenye maduka wengi niliowasaidia walitaka kuangalia mauzo ya siku, na hilo linatatuliwa kwa ujumbe mmoja wa jioni kutoka kwa mtu wa mapokezi.

Tuje sasa kwenye la kufanya. Nitaanza na mtandao wenyewe, kwa sababu hapo ndipo faida kubwa iko na gharama ni ndogo kabisa. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta na utafute sehemu ya mtandao wa wageni. Ruta nyingi za miaka ya karibuni zinayo. Ukiwasha, utapata Wi-Fi ya pili yenye jina na nywila yake, ambayo humpa mteja intaneti bila kumruhusu kuziona kompyuta za ofisi. Ile ya zamani ibadilishie nywila siku hiyohiyo, na nywila mpya isibandikwe popote. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta nayo ibadilishwe, maana mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, na ruta yenyewe imekaa juu ya kaunta.

Kama ruta yako haina mtandao wa wageni, nunua ya pili ya bei nafuu Kariakoo, lakini hapa sikiliza vizuri kwa sababu mafundi wengi huzipanga kinyume. Watu hufikiri ruta mpya ni ya wateja, wakaichomeka nyuma ya ile ya ofisi. Ukifanya hivyo, mteja aliye kwenye ruta ya nyuma anaweza bado kupita kwenda mbele na kuzifikia kompyuta zako, kwa sababu kwake yeye mtandao wa ofisi ni sehemu ya njia ya kwenda nje. Mpangilio sahihi ni wateja wabaki kwenye ruta ya mbele, ile iliyounganishwa na laini, na kompyuta za ofisi zikae nyuma ya ruta ya pili. Ruta ya pili kwa kawaida hukataa maombi yanayoanzia nje yake, na kwake yeye wateja ni watu wa nje. Kumbuka tu kwamba kompyuta zako zitapata anwani mpya. Kompyuta tano ziunganishwe kwa waya kila inapowezekana. Swichi ya milango minane na roli fupi ya waya ni gharama ndogo ukilinganisha na kero ya Wi-Fi inayokatika kila tanuri ya maikrowevu ya jirani inapowashwa.

Baada ya hapo ndipo useme na kijana kuhusu programu. Ningependa aiache Python na aweke Caddy, ambayo ni ya bure, ni faili moja tu kwenye Windows, na imezaliwa ikijua HTTPS. Atengeneze folda mpya kabisa kwa ajili ya kugawa, isiyo na kitu kingine ndani yake, na mipangilio yake itoshe katika faili fupi iitwayo Caddyfile, kwa mfano hivi:

```
https://192.168.1.10 {
    tls internal
    root * C:/Kugawa
    basic_auth {
        mapokezi $2a$14$...
        usanifu $2a$14$...
    }
    file_server browse
    log {
        output file C:/Seva/kumbukumbu.log
    }
}
```

Mstari wa `tls internal` huiamuru programu ijitengenezee cheti chake cha usalama. Mstari wa `root` hutaja folda pekee itakayogawiwa, ili lisije likakukuta lililonikuta Posta. Sehemu ya `basic_auth` ina majina ya watumiaji na mbele yake, badala ya nywila, kuna alama ndefu inayopatikana kwa amri ya `caddy hash-password`. Nywila yenyewe haikai popote kwenye faili hiyo. Na `log` huandika nani amechukua faili gani na saa ngapi. Hilo la mwisho msilidharau: seva yenu ya sasa huandika maombi kwenye dirisha jeusi tu, na dirisha likifungwa, kumbukumbu imekwenda nalo.

Mara ya kwanza mfanyakazi atakapofungua anwani hiyo, kivinjari kitamtisha kwa ukurasa wa onyo. Hakijakosea. Kivinjari huamini vyeti vilivyosainiwa na mamlaka zinazojulikana, na mamlaka za umma haziwezi kukupa cheti cha 192.168.1.10, kwa sababu anwani za namna hiyo zilitengwa kwa matumizi ya ndani na ziko katika nyumba na ofisi zisizohesabika. Wako watakaokwambia “bonyeza tu endelea”. Ninakusihi usiwazoeshe wafanyakazi wako kubonyeza endelea, kwa kuwa siku mtu mbaya atakapojipachika katikati, onyo litakalotokea litakuwa lilelile na watalipita kwa mazoea. Badala yake, chukua faili ya cheti cha mzizi, yaani kile kinachosaini vyeti vingine, ambayo Caddy imeitengeneza, iitwayo root.crt, uisakinishe kwenye kila kompyuta ya ofisi mara moja tu. Ni kazi ya nusu saa, na hapo, kwa mara ya mwisho, flashi inaruhusiwa. Firefox ina hifadhi yake ya vyeti, kwa hiyo iangalieni peke yake. Kuna faili nyingine karibu na hiyo, root.key, hiyo isinakiliwe wala kutumwa kwa mtu yeyote, kwani mwenye nayo anaweza kutengeneza cheti cha tovuti yoyote na kompyuta zako zote tano zikakiamini.

Windows itauliza kama programu hiyo iruhusiwe kupita kwenye fayawoli, ile programu inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa. Ruhusu kwa mitandao binafsi peke yake, si ya umma. Na anwani ya kompyuta ya mapokezi iwekwe ya kudumu kwenye ruta ili isibadilike kila umeme unaporudi, la sivyo kila Jumatatu mtakuwa mnaulizana seva imehamia wapi.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini litakukuta ndani ya wiki moja. Seva ya namna hii hutoa faili, haipokei. Msanifu ataichukua kadi ya harusi, ataifanyia kazi, na akitaka kuirudisha hatakuta pa kubonyeza. Kwa kurudisha kazi, njia nyepesi kwenu ni folda ya pamoja ya Windows, ambayo hata Mac inaifungua, kila mfanyakazi akiwa na jina na nywila yake mwenyewe. Mtu mkweli atakwambia pia kwamba kwa ofisi ya kompyuta tano, folda hiyo peke yake inaweza kutosha na usihitaji seva ya wavuti kabisa. Nimelifikiria hilo, na bado kwa duka lako ninaegemea kuwa na vyote viwili, kwa sababu ya vile virusi ulivyovitaja. Programu ya kuteka faili ikiingia kwenye kompyuta ya msanifu, itafunga kwa nywila kila faili ambayo msanifu ana ruhusa ya kuiandika, zikiwamo zilizo kwenye folda ya pamoja. Faili anazoweza kuzisoma tu kupitia kivinjari hazitaguswa. Basi weka violezo, fomu, nembo na kazi zilizokamilika upande wa kusoma tu, na folda ya kuandikia iwe ndogo, ya kazi za wiki hii. Hakikisheni toleo la zamani la mfumo huo wa kushirikishana, SMBv1, limezimwa. Kasoro iliyokuwa ndani yake ndiyo iliyotumiwa na WannaCry kusambaa Mei 2017. Na flashi za wateja zichomekwe kwenye kompyuta moja tu, ambayo isiwe hiyo inayobeba seva. Kwa sasa mapokezi inafanya kazi zote mbili, na hilo ningelibadilisha mapema.

Kuhusu skani za vitambulisho, nitakuwa mkali kidogo. Swali la kwanza ni kwa nini bado zipo. Mteja aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho chake alilipia karatasi. Hakukuachia kitambulisho kikae kwenye diski yako hadi mwakani. Weka utaratibu kwamba skani hufutwa kazi ikikabidhiwa, au jioni ya siku hiyohiyo, na pipa la taka la kompyuta limwagwe pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu yeyote anayekusanya na kuchakata taarifa za watu, na inataka wakusanyaji na wachakataji wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Steshenari yenye skani za NIDA haiko mbali na sheria hiyo. Waulize Tume yenyewe au wakili kuhusu wajibu wako mahususi, kwa kuwa mimi ni mtu wa mitandao na sitaki kukufanyia kazi ya wakili.

Mengine niyapitie haraka. Diski ya kompyuta ya seva isimbwe, kwa BitLocker, kisimbaji cha Windows, kama yako ni toleo la Pro, ili mwizi atakayekata nondo apate chuma tu. Ule ufunguo mrefu wa kurejesha uuandike na kuuweka nyumbani, si kwenye droo ya mezani. Betri ya akiba ni ya lazima. Kompyuta izuiwe kulala baada ya muda. Nakala rudufu ya kazi zenu iwe kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili na kuchomolewa baadaye, kwa sababu iliyochomekwa muda wote hutekwa pamoja na wenzake.

Kuna mahali ambapo barua haitoshi. Ikiwa ruta ni ya kampuni inayokupa intaneti na hamna nywila ya kuingia kwenye mipangilio yake, usimruhusu mtu kuirudisha kiwandani kwa kubahatisha. Piga simu kwa kampuni waje. Ikiwa kompyuta yoyote imeanza kuonyesha faili zenye majina ya ajabu zisizofunguka, ichomoe kwenye mtandao, usiifute, na mwite mtaalamu aione kama ilivyo. Na ikiwa umewahi kusikia mteja akilalamika kwamba kitambulisho chake kimetumika mahali asipopajua, usinyamaze kwa aibu. Mwone wakili kuhusu wajibu wa kutoa taarifa. Huwezi kujua kwa uhakika nani alifungua nini katika mwezi huu uliopita, kwani hapakuwa na kumbukumbu iliyohifadhiwa, na ni afadhali ulijue hilo kuliko kujifariji.

Kwa leo jioni, kabla ya kufunga duka, mwombe kijana alifunge lile dirisha jeusi. Kesho mkae na flashi kwa siku mbili tatu, huku mkitenganisha Wi-Fi na kusakinisha vyeti. Yote yakiwa tayari, rudi kwenye benchi la wateja na simu yako, jiunge na Wi-Fi ya wageni, na uandike tena anwani ya seva. Simu ikizunguka weee, kisha ikakwambia ukurasa haupatikani, mwagizie kijana soda.